Wanaobisha kwenye seva yako hata hawakujui

Unakumbuka Julai 2023, eCitizen ilipolemewa na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ni kazi yake? Huduma ziligoma, na kila mtu mtandaoni akawa mtaalamu. Ule ulikuwa umati uliorundikwa mlangoni ili wengine wasipite. Leo nataka tuongee kuhusu yule anayejaribu funguo kimyakimya, ambaye hafiki kwenye taarifa ya saa moja.

Kodisha seva ya bei rahisi, uweke duka lako la mitumba. Kabla chai haijapoa, kuna mtu anajaribu kuingia. Mtu wapi, bana, ni roboti! Fungua logi uone: root, admin, test, nywila moja baada ya nyingine. Anapita kila anwani ya intaneti kama jamaa anayevuta milango ya magari yaliyoegeshwa, akitafuta uliosahaulika.

Usiseme biashara yako ni ndogo. Mwaka 2016 Mirai ilitumia orodha ya majina na nywila 60 hivi tu, zile za kiwandani ambazo watu hawakubadilisha. Ikateka kamera na ruta za watu wa kawaida, na Oktoba 21 ikazitumia kuangusha Twitter na Netflix kwa wengi Marekani.

Wengi hukimbilia Fail2ban. Inasoma logi, na usipobadilisha mipangilio, anayekosea mara tano ndani ya dakika kumi anafungiwa nje dakika kumi. Poa. Lakini hapa kwetu tunaingia mtandaoni kwa simu, na wateja wengi wa kampuni moja hutumia anwani moja. Ukiiweka kwenye ukurasa wa wateja, kosa la mmoja linawafungia wengine. (Mimi nilishajifungia nje mwenyewe saa nane usiku. Usicheke.) Tena washambuliaji wana maelfu ya anwani; kila moja inajaribu mara mbili, inapotea.

Kwa hivyo kwenye SSH, zima nywila kabisa. Tengeneza jozi ya funguo: wa siri ubaki kwa laptopu yako, wa wazi uende kwa seva. Jaribu kuingia kupitia dirisha la pili, ikikubali ndipo uandike PasswordAuthentication no. Kuhama poti 22 kunapunguza kelele tu.

Maanake zile namba za simu za wateja si zako. Zikiibwa na kuwaweka hatarini, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna, hata kama kampuni nzima ni wewe na laptopu ya mkopo.