Rusizi: Umeme na sheria vyatishia mtaji wa mchimba Bitcoin

Kwa mfanyabiashara wa Kamembe anayetaka kuagiza mashine za kuchimba sarafu za kidijitali, bei ya dukani ndiyo hesabu ndogo kuliko zote.

Kadi za michoro za kompyuta zilipoteza soko kubwa Septemba 2022, mtandao wa Ethereum ulipoacha uchimbaji. Bitcoin inahitaji mashine maalumu zisizo na kazi nyingine. Antminer S9 ya mwaka 2016 ni rahisi, lakini kwa kazi ileile hula umeme zaidi ya mara tatu ya S19 Pro. Hiyo S19 Pro nayo hutumia wati 3,250, sawa na uniti 78 kwa siku. Isitoshe, Aprili 2024 malipo ya wachimbaji yalikatwa nusu.

Hifadhi ya Virunga, Kivu Kaskazini, ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa sababu ina mitambo yake ya maji huko Luviro, na umeme ulikuwa wa ziada. Rusizi hali ni tofauti. Umeme wa Ruzizi ya Pili hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo, na mnunuzi mdogo hulipa kwa mita.

Kikwazo kikubwa zaidi ni sheria. Rasimu iliyotolewa Kigali Machi 2025 ilipendekeza kupiga marufuku uchimbaji. Hivyo mwagizaji na msafirishaji wapate kwanza jibu la maandishi kutoka Benki Kuu, kwani mashine ikizuiliwa mpakani haigeuzwi kuwa kompyuta ya ofisi.