Insha ya Hisani: Wito kwa Wananchi wa Ivuna

Ndugu wananchi wa Ivuna, nanyi mnaosoma kutoka Kamsamba, Tunduma na Vwawa, mnajua kwamba jina la kijiji chetu linatajwa kila siku na wanasayansi ambao hawajawahi kuliona Ziwa Rukwa?

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapa kwetu. Hakikuwa kikubwa kama kile cha Mbozi pale Ndolezi, chenye uzito wa tani nyingi. Vipande vyake vilivyookotwa vilifika kiasi cha gramu 700 tu. Lakini lilikuwa jiwe adimu mno, hata wataalamu wakalipatia kundi zima la vimondo vya namna hiyo jina la Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilileta duniani changarawe za Ryugu, mwamba unaozunguka jua huko mbali angani. Wataalamu walizichunguza, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba zinafanana sana na kimondo cha Ivuna.

Chumvi yetu nayo imeandikwa. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba kwenye chemchemi za chumvi za Ivuna, wakaona kwamba watu walikuwa wakipika chumvi hapo tangu karibu karne ya 13. Walichuja udongo wenye chumvi kwa maji, kisha wakayachemsha maji yale vyunguni. Wazee wetu, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo wageni wametuandika, na tunawashukuru. Je, mtoto wa darasa la tano wa hapa Ivuna ameandika nini kuhusu Ivuna?

Nadhani ameandika kidogo sana, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Katika mitihani mingi ya shule za msingi, utungaji umekuwa ni kupewa sentensi nne zilizochanganywa na kuzipanga kwa herufi A, B, C na D. Ni zoezi zuri la kufikiri. Lakini sentensi zenyewe zimetungwa na mtu mwingine, na mtoto anaweza kufika darasa la saba bila kupata nafasi ya kujaza ukurasa mzima kwa maneno yake mwenyewe.

Tumezoea matembezi ya hisani. Tumezoea chakula cha hisani na mechi ya hisani. Kwa nini tusiwe na insha ya hisani?

Ninachoomba ni hiki. Kila shule ya msingi katika kata yetu ifanye shindano la kuandika mara moja kwa mwaka, darasani, wakati wa vipindi vya Kiswahili. Watoto waandike juu ya kitu wanachokijua kwa macho na masikio yao: jinsi chumvi inavyopatikana, siku mto Momba ulipofurika, safari ya baba kwenda kuvua Rukwa, hadithi ya kimondo kama babu alivyosimuliwa na baba yake. Siku ya kusoma ikifika, insha zitundikwe kwenye kamba chini ya miti ya shule, na sisi wakubwa twende tukazisome. Anayesoma na kuguswa atie alichonacho kwenye kisanduku. Fedha hiyo iwanunulie watoto wa shule hiyohiyo madaftari, sare, taulo za kike, au unga wa uji, kadiri wanafunzi wenyewe watakavyoamua.

Mnaona tofauti yake na shindano la kawaida? Katika shindano la kawaida anafurahi mmoja, wengine wanarudi nyumbani kimya. Hapa mtoto aliyeandika mistari sita iliyopinda naye amemsaidia mwenzake kupata daftari. Washindi wawepo, ndiyo, na wapewe kitabu cha hadithi na makofi ya nguvu. Lakini kisanduku ni cha insha zote.

Walimu wetu wapendwa, najua swali mnalojiuliza. Mwenye watoto themanini darasani atasahihisha lini? Wagawe katika makundi ya wanane. Kila mmoja awasomee wenzake insha yake kwa sauti, na kundi lichague moja ya kuisoma mbele ya darasa. Hapo mwalimu unabaki na insha kumi za kupima kwa makini, na watoto wote themanini wamesikilizwa.

Naomba jambo lingine dogo, ambalo kwangu ni kubwa. Mara ya kwanza, weka pembeni ile kalamu nyekundu. Mtoto ameandika "bibi alinambiya chumvi ilikuwa nyeusi kwanza". Kabla hujagusa herufi zake, mwandikie pembeni: "Kwa nini ilikuwa nyeusi? Muulize bibi." Kesho atarudi na mistari mitatu zaidi. Herufi mtazirekebisha pamoja atakapokuwa ananakili insha safi ya kutundika, na atazirekebisha kwa moyo, maana anajua watu watakuja kuisoma.

Wazazi wenzangu, nyumbani tunaweza kufanya nini? Wengi tunadhani kwamba kwa kuwa hatukusoma sana, basi mambo ya insha si yetu. Sivyo hata kidogo. Mtoto anahitaji habari, nasi ndio tulionazo. Mzee, unakumbuka kabla Momba haijawa wilaya mwaka 2012, tulipokuwa sehemu ya Mbozi, ilikuwaje kwenda kutafuta huduma wilayani? Msimulie. Bibi, ukikumbuka zaidi kwa Kiwanda, simulia kwa Kiwanda. Kama nyumbani kwenu ni Kinyamwanga au Kisukuma, vivyo hivyo. Kuyapeleka maneno yako kwenye Kiswahili ni kazi ya mjukuu, na ni somo zuri kuliko mengi anayopewa.

Mpe pia nusu saa. Jioni kabla giza halijaingia, binti asitumwe maji wala mtoto wa kiume asiitwe zizini mpaka amalize ukurasa wake. Nusu saa tu.

Nanyi mlio kazini? Mwenye duka anaweza kutoa bunda la karatasi na kalamu za wino. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anaweza kutenga makusanyo ya saa moja kwa ajili ya darasa moja. Kijana wa bodaboda anaweza kumleta bila nauli mzee asiyeweza kutembea, aje asikie mjukuu wake akisoma. Wafugaji na wavuvi, ninyi mna habari ambazo mwalimu hana. Nendeni darasani asubuhi moja mkaulizwe maswali. Mtendaji wa kijiji akitangaza siku hiyo kwenye mkutano, watu watakuja.

Wakati unaofaa, kwa maoni yangu, ni mwishoni mwa Julai. Shule zimefunguliwa, mpunga umeingia ndani na watu wana chochote mfukoni, na darasa la saba bado wana nafasi kabla ya mtihani wa Taifa wa Septemba.

Sasa niseme kuhusu fedha, kwa sababu jambo jema linaweza kuharibika hapo. Pasiwe na kiingilio chochote, wala mtoto asiulizwe mzazi wake ametoa shilingi ngapi. Elimumsingi ni bila malipo, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 umeeleza wazi kwamba mchango wa mzazi ni wa hiari. Atakayetoa kisado cha mchele sawa, atakayetoa shilingi mia tano sawa, na atakayekuja kusoma tu akaondoka, huyo naye ametoa. Kisanduku kifunguliwe siku ileile mbele ya kamati ya shule na wanafunzi wawili, na hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Tusiwape watoto mada ya kuandika juu ya umaskini wa wenzao. Hebu fikiria mtoto anasimama mbele ya kijiji kizima kusoma habari za rafiki yake asiye na viatu, na rafiki mwenyewe amekaa pale mstari wa mbele. Atajisikiaje? Anayesaidiwa ajulikane na mwalimu wa malezi na mzazi wake, basi. Apokee daftari lake kama watoto wengine wanavyopokea, bila kupigwa picha. Mada ziwe za mambo ya kujivunia na kushangaza, nayo tunayo tele.

Na mtoto akishaonja raha ya kusomwa, njia iko mbele yake. Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukiendesha shindano la kuandika barua kwa watoto tangu 1971, na leo ni la umri wa miaka 9 hadi 15, maana yake hata wa darasa la nne anaweza kuingia. Mwaka 2025 watoto waliombwa wajifanye wao ni bahari, wamwandikie mtu kumweleza kwa nini na namna gani aitunze. Mtoto aliyekulia karibu na Rukwa angekosa la kusema? Anayelijua ziwa anajua maji yanapopungua na samaki wanapohama. Hapa nchini, Taasisi ya Elimu Tanzania inaratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2023, Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Huko wengi wanaoshindana ni watu wazima. Lakini hao watu wazima walianzia wapi, kama si katika ukurasa mmoja wa daftari la shule?

Ndugu zetu mlio mbali, mpakani Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, shule mliyosoma bado ipo. Chagueni darasa moja mlidhamini. Zaidi ya fedha, tumeni barua fupi ya kuwaambia watoto mlikaa dawati lipi na mlikuwa mnacheza nini mapumziko. Isomwe siku hiyo pamoja na za kwao.

Tunaanza vipi? Mkutano ujao wa wazazi, ajenda ikifika kwenye "mengineyo", mmoja wetu anyooshe mkono aombe shindano hili liingizwe kwenye ratiba ya Julai. Wawili wengine wamuunge mkono palepale, asibaki peke yake. Mwalimu mkuu akiafiki, tunahitaji karatasi, kalamu, kamba ya kutundikia, na fundi wa kututengenezea kisanduku cha mbao chenye kufuli.