Wasafisha Dohani za Majiko Wafunzwe na Wapewe Vyeti

Miongoni mwa kazi ambazo jamii yetu huzitegemea bila ya kuzitaja, imo kazi ya kusafisha dohani za majiko makubwa: majiko ya hoteli na mikahawa, ya shule za bweni, ya hospitali na ya magereza. Hapa Kasingirima, kama ilivyo katika Ujiji nzima na mwambao wa Ziwa Tanganyika, kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni kibarua tu. Hutafutwa kijana mwenye nguvu, akapewa ngazi, ufagio na kipande cha chuma cha kukwangulia, kisha akaambiwa apande. Ni mara chache aulizwe alijifunza wapi. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kuihesabu kazi hii kuwa ni fani kamili, yenye mafunzo yake, mtihani wake na cheti chake.

Sababu ya kwanza ni moto. Mkoa wetu ni mkoa wa michikichi, na migebuka na dagaa wetu hukaangwa kwa mawese. Kila mwenyeji anajua kwamba mawese huganda yanapopoa. Basi mvuke wa mafuta unaopanda kutoka kwenye karai hufika juu ndani ya dohani, hupoa, huganda na kung'ang'ania bati. Penye jiko la kuni, masizi nayo huja kujichanganya na mafuta hayo. Utando huo ukiachwa miezi mingi huwa ni kuni nyingine iliyofichwa juu ya vichwa vya wapishi. Siku ulimi wa moto utakapoufikia, moto utapanda ndani ya dohani mpaka darini, mahali ambapo ndoo ya mchanga haifiki. Na anayekimbilia kumwagia maji mafuta yanayowaka huusambaza moto badala ya kuuzima. Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Nasi twaongeza kwamba pale ulipopita moshi na kuacha mafuta, moto unaweza kufuata.

Wako watakaosema kwamba tatizo hili litakwisha lenyewe, kwa kuwa Serikali ilizindua mwezi Mei, 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono mkakati huo kwa moyo wote. Lakini hapana budi tuseme ukweli: gesi huondoa moshi wa kuni, haiondoi mvuke wa mafuta. Jiko la gesi linalokaanga samaki kutwa nzima litaendelea kupaka dohani yake mafuta. Tena, kwa kuwa masizi hayaonekani, mwenye jiko atadhani dohani yake ni safi.

Sababu ya pili ni usalama wa msafishaji mwenyewe. Dawa itumikayo kuyeyusha mafuta yaliyoganda mara nyingi ni kostiki, ile ile wanayoitumia watengenezaji wetu wa sabuni. Kostiki huunguza ngozi na huweza kupofusha macho. Ikigusa alumini huila, na hutoa gesi inayoshika moto. Kijana asiyefundishwa haya atapanda ngazi bila glavu wala miwani, hatafunga gesi wala kuzima umeme wa feni, naye akianguka au akiungua hana pa kushika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikumsahau mfanyakazi wa namna hii. Sisi ndio tunaomsahau.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza mambo haya kwa gharama ya roho za watu. Huko Uingereza, kwa miaka mingi watoto walipandishwa ndani ya dohani wakafa humo, hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1875 iliyomtaka kila msafisha dohani awe na leseni. Huko Marekani, kanuni nambari 96 ya chama cha kuzuia moto, NFPA, inataka dohani za majiko ya biashara zisafishwe na watu waliofunzwa na kuthibitishwa. Inataka pia jiko la kuni au mkaa likaguliwe kila mwezi, jiko la kazi nyingi kila miezi 3, la kazi ya kiasi kila miezi 6, na lile la mara chache kila mwaka. Hatusemi kanuni hiyo inakiliwe ilivyo. Tunasema ipimwe, kisha itungwe yetu inayolingana na mawese yetu na mifuko yetu.

Vyombo vya kutekeleza jambo hili tunavyo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na imekwisha kuutumia kwa waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina uwezo, chini ya sheria ya mwaka 2007, wa kukagua majengo na kutoa vyeti vya usalama wa moto. Rai yetu ni kwamba vyombo hivi viwili vikae pamoja, vitunge kozi fupi ya wasafisha dohani, na ukaguzi wa kila jiko kubwa uanze na swali hili: dohani hii ilisafishwa lini, na nani, na cheti chake kiko wapi? Cheti kisichoulizwa na mkaguzi ni karatasi tu.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba haya ni ya watu wa ziwani peke yao. Ujiji na Unguja ziliunganishwa na njia ya misafara tangu karne ya 19, na hata leo kijana wa bara huvuka bahari kutafuta kazi katika hoteli za visiwani. Huko nyingi zimeezekwa makuti, na cheche moja itokayo dohanini yatosha kuliteketeza paa zima. Mafunzo ya amali bara husimamiwa na VETA, na Zanzibar yana mamlaka yake. Tunaziomba mamlaka hizo mbili zitambuane, ili cheti kilichopatikana Kigoma kiheshimiwe Nungwi, na cha Unguja kiheshimiwe Ujiji.

Jambo moja tunawaonya viongozi wa ngazi zote. Cheti hiki kisigeuzwe kuwa kodi nyingine juu ya mgongo wa mnyonge, wala kisiuzwe mlangoni kwa asiyejua kazi. Wale wanaoifanya kazi hii leo wasifukuzwe. Wapimwe kwa vitendo, wafundishwe wasilolijua, na ada iwe ile wanayoimudu. Nao wenye hoteli na wakuu wa taasisi wajue kwamba fundi aliyefunzwa hulipwa ujira wa fundi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uko juu ya majiko yetu, na kuuziba kunahitaji kozi ya majuma machache tu. Tunangoja kusikia kutoka kwa wahusika kozi hiyo itaanza lini.