Wasioamini Mungu nao wana katibu

Mimi ni katibu wa baraza la parokia yetu hapa Mombasa tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na barua ya kujiuzulu nimeiona mara chache sana. Wanaotuhama kwenda kwa walokole hawaandiki. Wanakata mguu tu, halafu mke wa kasisi anaambiwa sokoni kwamba fulani siku hizi anaimba kwaya kwingine. Jina linapigwa mstari kwenye daftari, na mwenye jina akikutana nasi njiani anasalimiwa nusu nusu.

Kwa hiyo mwishoni mwa Mei 2021, Atheists in Kenya, chama cha Wakenya wasioamini Mungu, kilipotangaza kwamba katibu wake amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu Kristo, nilicheka pamoja na nchi nzima. Kisha nikaisoma taarifa yenyewe, iliyotoka kwa kiongozi wao, Harrison Mumia. Ilimtakia mwenzao heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, ikamshukuru kwa utumishi wa mwaka mmoja na nusu, ikasema nafasi iko wazi, na mwenye nia ajitokeze. Basi. Hakuna laana, wala kunong'ona kwamba tangu hapo moyo wake haukuwa nasi. Katibu kwa katibu, niliona wivu.

Mimbarini na redioni hoja ni ile ile: hawa watu wanaikana dini huku wameshaanzisha yao. Wana kiongozi, wana wanachama, wanahubiri mitandaoni. Hata sikukuu wameomba! Waliitaka serikali iifanye Februari 17, tarehe waliyosajiliwa mwaka 2016, kuwa siku ya mapumziko kitaifa. Wanaoleta hoja hii huisema kwa furaha ya aliyemfumania mwizi.

Mfanano upo, siukatai. Ila mwingi umetoka kwa Msajili wa Vyama, si kwa Shetani. Kenya, mkitaka kukutana kwa jina moja na kufungua akaunti ya benki, sheria inayowasubiri ndiyo hiyo hiyo inayosajili makanisa: lazima muwe na katiba, viongozi, mkutano wa kila mwaka na hesabu zinazosomeka. Mtu anaingia ofisini na mashaka yake, anatoka na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Na miezi michache tu baada ya kusajiliwa, chama hicho kilisimamishwa kwa madai kwamba kinahatarisha amani na utulivu, kisha kikarejeshewa cheti. Ukitaka watu wanaobishana kila siku wawe kitu kimoja, wafungie mlango wote pamoja.

Wapo waliotaka hasa kuiga dini. Mfaransa Auguste Comte, karne ya 19, alibuni dini ya ubinadamu yenye kalenda ya miezi 13, mmoja una jina la Musa, mwingine la Shakespeare, na wafuasi wake wakajenga hekalu Rio de Janeiro. Mwaka 2013 wachekeshaji wawili wa London, Sanderson Jones na Pippa Evans, walianza kuwakusanya watu Jumapili katika jengo lililokuwa kanisa, wakiimba nyimbo za redioni. Hao hawamdhuru mtu. Wa Kisovieti ndio wa kuogopwa. Mwaka 1925 waliunda umoja wao wa kupiga vita dini, wenye kadi za uanachama na gazeti, na mwaka 1932 kanisa kuu la Kazan mjini Leningrad likafunguliwa kama makumbusho ya kuipinga dini, huku Moscow watu wakipanga foleni kuutazama mwili wa Lenin. Umoja ule ulifanana na dini kwa ubaya wake wote, kwa sababu ulikuwa na dola nyuma yake. Mumia na wenzake hawana hata askari jamii.

Mimi lawama yangu ni nyingine: hawajawa dini ya kutosha.

Mtaani kwetu alifariki mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye miaka yote alisema waziwazi hataki kuombewa, hai au maiti. Kamati ya mazishi ikakaa uani kwake, tukachanga pesa za mochari na za basi la kwenda Taita, na mimi, kama kawaida, nikapewa kalamu niandike ratiba. Mstari wa kwanza wa ratiba za kwetu ni sala ya kufungua. Nikasita. Dada yake mkubwa akaniona. "Andika tu, Mama Neema. Yeye hayupo akatae."

Niliandika. Kasisi alihubiri toba karibu saa nzima mbele ya jeneza la mtu aliyekuwa akibishana naye kila Jumamosi. Wanafunzi wa zamani waliotaka kusimulia jinsi mwalimu alivyowafundisha jometria uwanjani kwa kamba na vigingi walipewa dakika tatu, kati ya mahubiri na matangazo. Wala siwezi kumlaumu dada mtu. Angemwita nani? Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini, na siku ile hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kazi ilikuwa yake.

Norway walishalimaliza jambo hili. Shirika la huko, Human-Etisk Forbund, lililoanzishwa mwaka 1956, lina wanachama zaidi ya 100,000, linapata ruzuku ya serikali kwa kila mwanachama kama yanavyopata makanisa, linawapa vijana sherehe ya kipaimara isiyo na Mungu, na linazika. Wanaolicheka kwamba ni kanisa lisilo na msalaba wacheke tu. Ukifiwa huko, kuna wa kupigiwa simu.

Sikukuu ya Februari ingeweza kungoja. Kinachotakiwa ni kamati ya mazishi, nambari ya simu inayopokelewa saa nane za usiku, na mtu mmoja anayeweza kusimama mbele ya jeneza akazungumza dakika kumi bila kumtaja Mungu na bila kuwatukana shangazi wanaomlilia.