Kahawa Iliyouzwa Ingali Maua

Wahaya wana jina la Mungu ambalo mimi, mtoto wa Ijumbi, wilayani Muleba mkoani Kagera, silitamki bila kuinamisha uso: Rugaba. Limetoka katika kitenzi kugaba, yaani kutoa, kugawa. Ni jina la zamani. Lilikuwapo kitambo kabla mapadre wa kwanza hawajafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na mpaka leo utakutana na akina Byarugaba kuanzia Muleba hadi Kampala, watu ambao jina lao linakiri kwamba walichonacho ni cha Mgawaji. Wazee wetu walipotafuta neno la kumweleza Mungu waliutazama mkono wake, wakaona uko wazi.

Toleo hili linahusu tabia ya Mungu katika maisha ya Mkristo, na waandishi wetu wameandika vizuri kuhusu sala, ndoa, hata namna ya kuendesha bodaboda kwa hofu ya Mungu. Mimi nina habari ya kahawa tu.

Novemba 1993, senene wakiwa wameanza kuanguka, jirani yetu mjane alikuja nyumbani jioni. Alikaa karibu na mlango, akazungumzia mvua kwa muda mrefu, kama afanyavyo mtu aliyekuja kwa jambo lingine. Mwanawe mkubwa alikuwa amelazwa. Miaka ile kila kibanja kwetu, yaani kila nyumba na shamba lake, kilikuwa na mgonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye tulikuwa tumekwisha kuzoea kuchimba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, tena mwenye duka dogo. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia chumbani, akatoka na noti na daftari la jalada gumu.

Kwa msomaji wa Mtwara au Mombasa nieleze: hiyo ndiyo butura. Unauza kahawa ikiwa bado mtini, maua au punje za kijani. Mnunuzi anatoa fedha leo, anavuna mwakani, na bei inapangwa na shida ya muuzaji. Serikali huikemea karibu kila msimu. Viongozi huja, hutangaza kwenye mkutano wa hadhara kwamba butura ni marufuku, hupigiwa makofi na wauzaji na wanunuzi waliokaa benchi moja, kisha gari huondoka.

Katikati ya mwaka 1994 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazili, mara ya kwanza Juni, mara ya pili Julai. Bei ya dunia ikapanda zaidi ya mara mbili. Ijumbi hatukuwa na habari ya barafu ya Brazili. Tulichojua ni kwamba baba alipouza magunia ya kahawa ya maganda yaliyotoka kwa mjane alirudi nyumbani akiimba. Januari 1995 nikaingia kidato cha kwanza na sanduku jipya la bati. Jumapili kabla sijaondoka, baba alisimama mbele ya usharika akatoa sadaka ya shukrani, maana Mungu alikuwa ametenda. Mjane alikuwa benchi la tatu upande wa akina mama, akaitikia amina pamoja na wengine. Wiki ile ile alituletea mkungu wa ndizi. Alimshukuru mama, "Kasinge waitu. Rugaba ndiye aliyewatuma kwetu siku ile."

Nimemtetea baba kwa miaka mingi, na utetezi wenyewe si mwepesi. Hakuiba. Hakumwita mjane, mjane alikuja mwenyewe. Kama asingetoa zile noti, mgonjwa angekosa dawa. Isitoshe, aliyenunua maua amenunua pia jua, wadudu na bei kuporomoka. Mwaka mwingine yeye ndiye angelia. Wafanyabiashara wa butura wataniambia haya yote, na wana haki. Katika amri kumi sioni hata moja ambayo baba aliivunja.

Ila kati ya nyumba yetu na ya mjane palikuwa na hatua kama sitini. Jioni ile aliyorudi akiimba, alikuwa ameshika fedha ambazo hakuna aliyezipigia hesabu walipokubaliana; zilianguka kama senene. Angeweza kuvuka zile hatua sitini na sehemu yake tu. Hakuna mkataba uliomtaka avuke. Wala uliomzuia.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kumtii Mungu na kufanana naye. Anayetii anauliza: je, nimevuka mpaka? Anayefanana na Rugaba anatazama kilichomo mkononi mwake, kisha anatazama nyumba ya pili. Torati yenyewe, ambayo watu wengi huiona ngumu kama mti wa mninga, imejaa mambo ya namna hii. Inamtaka mwenye shamba asirudi kuokota mganda aliousahau, auachie mjane, yatima na mgeni. Inamtaka aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijazama, kwa sababu usiku kuna baridi na maskini hana kingine cha kujifunika. Mkopeshaji anayerudisha rehani kila jioni atakuwa na hasara gani ya kitabu! Lakini sababu inayotolewa pale ni moja: huyo maskini atamlilia Mungu, na Mungu atasikia, kwa kuwa ni mwenye huruma. Sheria inatokana na tabia.

Na neno tabia lina siri ambayo mhariri, mtu anayeishi kwa wino, hawezi kuipita. Tumelitoa kwa Waarabu, na kwao shina lake ni lile lile la kupiga muhuri, kupiga chapa. Tabia ni alama iliyobanwa kwenye kitu mpaka ikakaa. Chapa hushika kwa kubanwa mahali pale pale tena na tena, siku ambazo hakuna anayetazama. Kwa hiyo nikisikia mahubiri kwamba tuakisi sura ya Mungu kama kioo, napata mashaka kidogo na kioo. Kuakisi hakukigharimu kioo chochote.

Siku za maafa sisi watu wa Kagera tunapendeza sana. Tetemeko lilipotupiga tarehe 10 Septemba 2016, watu walilala nje, wakala chungu kimoja. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wavuvi waliifikia na mitumbwi yao wakavunja mlango kabla vyombo vya uokoaji havijafika. Watu 24 walitoka hai. Sitaki kupunguza hata punje moja ya sifa yao. Nasema tu kwamba ndege huanguka mara moja, na kahawa huchanua kila mwaka. Mtu yule yule anayeweza kujitosa majini kumwokoa asiyemjua, Jumatatu yuko kwenye mizani, kidole gumba chini ya sahani.

Ardhi ni mbaya kuliko mizani. Kibanja cha Mhaya huzungukwa na mlamula, mmea wa mpaka usiokufa kirahisi, na jina lake lina undugu na kulamula, yaani kuamua, kupatanisha. Ukiung'oa usiku na kuupanda hatua tatu mbele, unamhamisha hakimu. Kila mtu Ijumbi anazo hadithi za milamula iliyotembea. Nitaje basi hadithi ambayo haihitaji kunong'onwa, kwa kuwa imo katika kumbukumbu za mahakama. Agosti 1988 mama mmoja, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia halali wa baba yake, kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata ndugu wa ukoo akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, humu humu Muleba, akidai mauzo ni batili: kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume.

Hukumu hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria mpaka nje ya Afrika. Mimi naisoma kama mtu wa kanisa, na inanichoma. Karibu karne nzima ilikuwa imepita tangu Kashozi. Wilaya ile ile ya Muleba ilikuwa imemtoa Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama zetu. Jirani zetu Walutheri wa Bukoba walikuwa wamemtoa Askofu Josiah Kibira, aliyeongoza Fungamano la Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu Kanisa na ukoo, maana alijua pale ndipo penye donda. Tulikuwa na seminari ya Rubya, hospitali, kwaya zenye sare. Na mama mzee alipotaka kuuza kilicho chake apate kula, aliyesimama upande wake alikuwa jaji mwenye Katiba mkononi. Ndugu wa ukoo wake alisimama na mila.

Msomaji asidhani hapakuwa na waliofanana na Rugaba. Walikuwapo. Walikuwapo bibi waliozika watoto wao wote kisha wakaanza upya na wajukuu saba, wakiwa hawana jino la kutafunia kahawa. Huduma ya Watoto ya Walutheri, tuliyoizoea kwa jina la HUYAWA, iliwatafuta yatima kibanja kwa kibanja. Pale Nshamba, tangu 2003, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi, na nililolipenda katika mpango huo ni hilo neno mwezi. Hakuna picha ya kupiga, hakuna mgeni rasmi. Mwezi ukiisha, fedha inakuja, na ukiisha mwingine, inakuja tena. Bibi anaweza kuipangia. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonifafanulia uaminifu wa Mungu kuliko fedha hiyo inayokuja bila kuombwa mara ya pili.

Wapo watakaosema nataka kila Mkristo mwenye duka awe shirika la msaada. Sitaki. Duka lisilopata faida hufungwa, na mjane hatapata hata pa kukopa chumvi. Butura yenyewe haitakufa kwa mahubiri. Itakufa siku ambayo mtu wa Ijumbi atapata mkopo wa shilingi laki mbili kwenye SACCOS ya usharika au chama chake cha msingi bila kuzungushwa miezi mitatu, na malipo ya mnada wa kahawa yatakapomfikia upesi. Hilo ni suala la karani, leja na kompyuta inayofanya kazi, na naona ni suala la kiroho kama funga ya Kwaresima. Parokia na sharika zetu zinajua kuchangisha mabati ya mnara katika Jumapili mbili. Zinaweza kuchangisha mfuko wa mikopo ya Novemba, kahawa ikiwa bado maua.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita, akazikwa kwa heshima zote za mzee wa kanisa. Daftari la jalada gumu likaniangukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Majina, miti, fedha, vyote kwa mwandiko wake wa kulala kulia. Mjane yumo mara tatu. Ukurasa wa Novemba 1993 una doa la mafuta ya taa, na pembeni baba aliandika kwa penseli kiasi alichouzia, kisha akatoa, kisha akapigia mstari jibu. Mistari miwili. Hakuna neno lingine.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, nililichukua lile daftari na bahasha, nikavuka hatua sitini. Mjane hayupo tena. Mjukuu wake ndiye mwenye kibanja, kijana wa miaka thelathini hivi, mke mjamzito, paa linalovuja upande wa jikoni. Alinikaribisha, akanipa punje za kahawa za kutafuna, tukazungumzia mvua. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bukoba. Nikaweka daftari juu ya meza, nikaanza kulifungua.

Akalitazama. Akainuka, akatoka nje, akarudi na tawi la mbuni lililochanua, jeupe, likinukia nyumba nzima, akaliweka mbele yangu karibu na bahasha.

"Mwaka huu yamekubali, waitu," akasema. "Unatoa bei gani?"