Kinywe Si Almasi Iliyoshindwa

Yako maelezo yanayorudiwa madarasani mwaka hata mwaka, kwamba almasi ni mkaa uliobanwa sana. Ni maelezo mepesi kukumbukwa, na kwa sababu hiyo madhara yake ni makubwa. Mwanafunzi huondoka akiamini kuwa kubana peke yake kunatosha. Tena hukiona kinywe, ambacho wengine hukiita grafiti, kuwa ni almasi iliyoachwa njiani kabla haijaiva.

Mwalimu wa Pangani hana haja ya kwenda mbali kulisahihisha kosa hili. Mto Pangani, utokao Kilimanjaro na Meru, hupita kando ya milima ya Pare na Usambara hata ukaingia baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni. Katika mchanga wa pwani ya wilaya hiyo zimo chembe nyeusi za ilmenaiti na chembe nyekundu za ganeti, ambazo asili yake ni miamba geu ya bara. Miamba hiyo ya Pare na Usambara, yapata miaka milioni 640 iliyopita, ilikuwa kilindini kiasi cha kilometa 35, katika joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa 10,000 hivi. Katika ukanda uo huo wa miamba, huko Merelani na Mahenge, imo kaboni nyingi. Nayo ni kinywe.

Kwa nini isiwe almasi? Katika joto la nyuzi 800 almasi huhitaji kanieneo ya angahewa karibu 40,000, yaani mara nne ya ile iliyoikumba Usambara. Chini ya kiwango hicho umbo tulivu la kaboni ni kinywe. Basi kinywe cha Mahenge hakikushindwa kitu. Aliye nje ya hali yake ni almasi ya Mwadui, iliyoumbwa kilindini kupita kilometa 150 na ambayo sasa imekaa katika pete. Haigeuki kwa kuwa viungo vya atomi zake ni imara mno kukatika katika joto la kawaida. Lakini ikipashwa moto pasipo hewa hadi kupita nyuzi 1,700, hugeuka kinywe. Wauza pete hawapendi sana kulitaja jambo hili.

Hapo ndipo kazi ya joto inapoonekana. Umbo gani litakuwa tulivu, hilo zaidi huamuliwa na kanieneo. Lakini ni joto linalozipa atomi uwezo wa kuhama. Ushahidi mzuri kuliko wote hutoka katika nanotyubu za kaboni, alizozieleza Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Ni mirija ambayo ukuta wake ni tabaka la kinywe lililoviringwa kama mkeka, na iliyo myembamba kabisa ina kipenyo cha nanometa 1 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimeta. Mirija hii myembamba ikikandamizwa bila kupashwa moto, uduara wake huwa kama yai, kisha hubonyea ikawa bapa kama ukindu. Kanieneo ikiondolewa, mingi huurudia uduara wake, kwa maana viungo havikukatika. Lakini nanotyubu zikitiwa katika kanieneo ya zaidi ya angahewa 100,000 pamoja na joto la zaidi ya nyuzi 2,000, viungo hukatika, atomi hujipanga upya, mrija hutoweka, na zikabaki punje ndogo mno za almasi. Hizo hazirudi tena kuwa mirija.

Husemwa kuwa haya ni mambo ya mataifa makubwa, hayaifai shule isiyo na hata taa ya spiriti. Ni kweli kwamba hakuna shule itakayoyatenda. Hata hivyo, chombo kitumikacho mara nyingi kwa majaribio ya namna hii hutosha kiganjani: almasi mbili zilizochongwa ncha bapa, sampuli ndogo katikati yake, na skrubu za kukaza kwa mkono, mwanga wa leza hupenya ndani ya almasi ukaipasha moto sampuli. Siri yake imo katika kitabu cha fizikia cha sekondari, kwamba kani ile ile juu ya eneo dogo huleta kanieneo kubwa. Mtoto wa Pangani aliyekanyaga ganda la chaza anaijua kanuni hiyo kabla ya kuisoma.

Nchi hii ina akiba kubwa ya kinywe, nacho hutafutwa kwa ajili ya betri. Nanotyubu nazo hutiwa katika elektrodi za betri hizo hizo. Haifai vijana watakaokichimba na kukiuza wakifahamu kama almasi duni. Na achote mwalimu mchanga wa pwani, aupitishie sumaku na kuutazama kwa lenzi, aweke penseli mezani, kisha achore ubaoni grafu ya joto na kanieneo. Wanafunzi waonyeshe Usambara ilipokuwa, almasi ya Mwadui ilipozaliwa, na pete ilipo leo.