Pikipiki Inapozimika Njiani



Mwezi huu twaacha kidogo mambo ya jikoni na ya malezi, tupate kulijibu swali ambalo vijana wetu wa Tarime na Serengeti wametuuliza zaidi ya mara moja: pikipiki iliyokuwa ikienda vizuri, kisha ikazimika ghafula na kukataa kuwaka tena, itazamwe wapi kwanza? Huenda wakawapo watakaosema kwamba hilo ni swali la karakana, wala si la ukurasa wa nyumba. Sisi hatukubaliani nao. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2010 zilizoitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kuchukua abiria kwa nauli, vijana wengi wamepata riziki yao hapo; na katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, pikipiki ndiyo punda wa mizigo, na ndiyo gari la wagonjwa. Ikizimika, nyumba nzima huzimika nayo.

Kisa kimoja kilichotufikia chatosha kuwa mfano. Kijana mmoja alikuwa akimpeleka mama mmoja na mtoto wake mgonjwa kutoka upande wa Nyamongo kwenda hospitali ya Mugumu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Walipokwisha kuuvuka Mto Mara, chombo kikakohoa mara mbili, kikanyamaza. Kijana akapiga kiki hata mguu ukamwuma. Akangoja, kikawaka, wakaenda mwendo mfupi, kikazimika tena. Mwisho yule mama aliteremka, akashika njia kwa miguu na mtoto mgongoni, hata alipompata msamaria mwenye pikipiki nyingine. Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Lakini fundi wa kwanza alimwuzia kijana koili mpya na plagi mpya, kwa fedha zilizokuwa hesabu ya siku kadhaa ya tajiri wake, na ugonjwa ukabaki pale pale. Fundi wa pili, mtu mzima mwenye subira, hakushika spana. Alifungua kifuniko cha tangi, akaondoa kipande cha nailoni ambacho kijana mwenyewe alikiweka chini yake ili mvua isiingie. Chombo kikawaka papo hapo.

Sababu yake ni hii. Kifuniko cha tangi kina kitundu chembamba cha kupitishia hewa. Petroli inaposhuka kwenda kwenye kabureta, hewa hapana budi iingie tangini kushika nafasi yake. Kitundu kikizibwa kwa nailoni, kwa tope au kwa kutu, petroli hukwama juu, na injini hufa kwa kiu ijapokuwa tangi limejaa. Ukingoja, hewa kidogo hupenya, mafuta hushuka, chombo huwaka, kisha huzimika tena. Aliyelijua hilo hangetoa hata senti moja.

Twapenda basi vijana wetu wajue utaratibu, kwani asiyejua utaratibu hubadilisha kitu baada ya kitu hata mfuko ukaisha. Injini ya pikipiki hizi za kawaida huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huikandamiza, huiwasha kwa cheche, kisha huutoa moshi. Yahitaji, kwa hiyo, mambo matatu: mafuta na hewa kwa kadiri yake, mkandamizo, na cheche kwa wakati wake. Mwenye kutafuta ugonjwa ana milango mitatu tu ya kubisha.

Kwanza, kisogeze chombo kando ya njia, umteremshe abiria mahali pa salama, kisha utazame yale yasiyohitaji spana. Je, petroli imo? Koki imefunguliwa, na je, umeigeuza upande wa akiba? Kitufe cha kuzimia injini kilichoko kwenye usukani hakikuguswa na mkono au mzigo? Stendi ya pembeni imepandishwa? Ziko pikipiki zisizokubali kuwaka stendi ikiwa chini. Taa na honi zikiwa zimekufa pamoja na injini, itazame fyuzi na nyaya za betri. Kisha kifungue kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, na chombo kikiwaka baada ya dakika chache, umekwisha kuupata ugonjwa.

Pili, itoe plagi, nayo itakuambia habari ya ndani. Ikiwa kavu baada ya kupiga kiki mara nyingi, mafuta hayafiki. Tazama mpira wa petroli, chujio na kabureta. Chini ya kabureta pana skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze, na petroli isipotoka, kizuizi ki juu yake. Yakitoka maji au uchafu, yaache yamwagike hata petroli safi ionekane. Ikiwa plagi imelowa petroli, basi mafuta yafika, bali aghalabu cheche ndiyo iliyokosekana. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, mafuta yamezidi hewa. Na katika barabara zetu zenye vumbi, lisilosafishwa mara kwa mara ni chujio la hewa.

Tatu, ijaribu cheche. Ifute plagi, ichomeke katika kofia yake, uiegemeze sehemu yake ya chuma kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka, kisha upige kiki. Hapa twasisitiza: petroli iliyomwagika ifutwe na kuachwa ikauke kwanza, sigara isikaribie, na watoto wasogee mbali, kwani cheche ile ile yaweza kuwasha moto. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ikiwa dhaifu au haipo, badilisha plagi kwanza, kwani ndiyo rahisi kuliko vyote. Kisha kausha kofia na waya wake ikiwa umevuka maji. Koili na kile kisanduku ambacho mafundi hukiita CDI vitazamwe baadaye. Navyo vina dalili yao: mara nyingi cheche hupotea injini ikipata moto, na hurudi ikipoa.

Nne, ikiwa mafuta yapo na cheche ipo, tazama mkandamizo. Kiki ikishuka laini bila uzito, huenda vali au ringi za pistoni zimeharibika. Kiki ikikaza kama imepigwa msumari, pistoni yaweza kuwa imeng'ang'ania kwa joto au kwa uhaba wa oili. Usiilazimishe wala usisukume kwa gia. Iache ipoe, upime oili, umwite fundi.

Kuna jambo jingine ambalo si la chombo bali la watu. Petroli ya chupani inayouzwa kando ya njia humfaa aliyekwama, lakini hajui mnunuzi kilichochanganywa ndani yake. Udanganyifu wa kuchanganya mafuta ya taa ulienea hata EWURA ikaanza, mwaka 2010, kutia vinasaba katika mafuta ili yajulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukiondoa kishawishi. Mwenye kuchanganya hajui ni nani atakayekwama usiku kwa faida yake ndogo. Huenda akawa mama mwenye uchungu wa uzazi, huenda akawa mkulima katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako tembo hutoka kuingia mashambani. Kadhalika fundi anayeuza koili mahali palipohitaji kidole tu, na akijua, amekula mali ya mwenziwe bila haki.

Nanyi vijana, kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kukitazama chombo chake. Oili ipimwe kabla ya safari, chujio lisafishwe, plagi ya akiba na spana yake viwe chini ya kiti. Pikipiki ya tajiri ni amana, na abiria aliyeketi nyuma yako ni amana kubwa zaidi.

Wazazi nao wasione haya kuwafundisha mabinti zao haya kama wanavyowafundisha wana. Njia ya Mugumu haimwulizi mtu kama ni mume au mke inapomkwamisha.